Tulichukua kufuli, tukaacha mlima

Kila Januari, likizo ya Krismasi inapokwisha, shule moja ya Uswisi hufunga virago na kuhama. Institut Le Rosey, iliyoanzishwa na Paul-Émile Carnal mwaka 1880, ina makao yake katika kasri kongwe mjini Rolle, kando ya Ziwa Geneva. Majira ya baridi ukungu hulifunika ziwa hilo siku nyingi mfululizo, jua likabaki habari ya kusikia. Mwaka 1916 wakuu wa shule waliamua kufanya kama wafugaji wafanyavyo malisho yanapokauka: wakaondoka. Tangu wakati huo walimu, wanafunzi na madaftari hupandishwa hadi Gstaad, zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ambako jua huwaka juu ya theluji huku mawingu yamebaki bondeni. Wanakaa huko hadi Machi. Asubuhi ni darasa, mchana ni skii, zile mbao mbili ndefu za kutelezea kwenye theluji.

Ada ya mwaka mmoja inazidi faranga 100,000 za Uswisi. Mzazi wa Tanzania akizigeuza kuwa shilingi anapata mamia ya milioni, na kwa kawaida mazungumzo huishia hapo, kwa kicheko au kwa msonyo. Shah wa mwisho wa Iran alisoma pale. Alisoma pale pia Karim Aga Khan, aliyefariki Februari 2025, na huyu ni mtu wetu kwa namna fulani. Miaka ya Vita Kuu ya Pili aliipitisha Nairobi akiwa mtoto. Mwaka 1957, akiwa na umri wa miaka 20, alirithi uimamu wa Waismailia, na mwaka huohuo akatawazwa Dar es Salaam. Miaka miwili baadaye alinunua gazeti la Kiswahili la Taifa, kisha akaanzisha Nation. Halafu mwaka 1964 mtu huyohuyo akateremka milima ya Innsbruck, Austria, akiiwakilisha Iran katika Olimpiki ya Majira ya Baridi. Tumekuwa na gazeti la Kiswahili ambalo mmiliki wake alikuwa mwanaskii wa Olimpiki, na sijawahi kuona swali kuhusu hilo kwenye mtihani wa uandishi wa habari.

Nataka kuitetea skii ya shuleni, na najua nimeanza vibaya kwa kutaja Le Rosey. Ukiiweka shule hiyo mbele, kila hoja inageuka kuwa hoja ya fedha. Basi tuiache na wenye nazo, tuangalie Waswisi wa kawaida wanafanya nini na watoto wao theluji inapoanguka.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili Uswisi iliishiwa makaa ya mawe. Shule zikafungwa kwa muda katikati ya baridi ili kuokoa nishati ya kupasha madarasa joto, na watoto waliokaa bila kazi wakapelekwa milimani. Makaa yakarudi, likizo ikabaki. Mwaka 1941 chama cha skii cha nchi hiyo kilianzisha kambi ya taifa ya vijana ambayo ipo hadi leo: kila Januari watoto 600 wa miaka 13 na 14, waliopatikana kwa bahati nasibu, huenda katika kijiji cha Lenk kwa wiki nzima. Mwaka 1972 serikali ikaanzisha mpango wa Vijana na Michezo, unaowafunza viongozi wa kambi na kuchangia gharama. Na Desemba 2017 Mahakama ya Shirikisho ilitamka kwamba kambi ikiwa sehemu ya lazima ya masomo, mzazi wa shule ya umma asitozwe zaidi ya chakula cha mtoto, ambacho mahakama ilikikadiria kuwa kati ya faranga 10 na 16 kwa siku.

Hukumu hiyo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Majaji wa nchi tajiri waliketi wakabishana juu ya bei ya ugali wa mtoto akiwa kambini, kwa sababu kwao wiki moja ya mlimani ni sehemu ya elimu, sawa na hesabu. Ukiiita elimu, huwezi kumnyima mtoto wa mfagizi wa barabara. Ukiiita starehe, unaweza.

Mtu aliyeiona skii kwenye televisheni tu ameona mteremko: kijana ana kofia ngumu na miwani mikubwa, anapita kwenye vijiti kwa kasi ya gari. Hiyo ni skii ya mashindano. Slalomu ya kisasa ilipangwa mara ya kwanza na Mwingereza Arnold Lunn huko Mürren, Uswisi, mwaka 1922, na wanaoiweza vizuri huanza wakiwa wadogo. Ndiyo maana Waafrika walioifikia Olimpiki ya baridi ni hadithi za kipekee. Lamine Guèye wa Senegali alishiriki Sarajevo mwaka 1984. Philip Boit wa Kenya, mkimbiaji aliyejifunza ukubwani, alimaliza wa mwisho katika kilomita 10 huko Nagano mwaka 1998, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwei akamngoja kwenye mstari ili amkumbatie. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, alihamia Austria angali mdogo sana na kuiwakilisha Kenya PyeongChang mwaka 2018. Tunawapongeza, lakini mashindano siyo yanayonishughulisha hapa.

Kinachonishughulisha ni skii ya safari, ile ya kupanda. Hapo hakuna lifti. Chini ya kila ubao hubandikwa utepe mrefu wenye manyoya mafupi yaliyolala upande mmoja. Zamani ulikuwa ngozi ya sili, mnyama wa bahari za baridi. Siku hizi hutengenezwa kiwandani. Ukisukuma mguu mbele, manyoya yanalala na ubao unateleza. Uzito ukirudi nyuma, manyoya yanasimama na kung'ata theluji. Kwa namna hiyo mtoto wa miaka 15 anapanda mlima akiwa amevaa kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kuteleza, hatua kwa hatua, saa nne au tano, shanta mgongoni. Wanaamka kabla ya mapambazuko, kwa sababu jua likipanda theluji inalainika na kuanza kuachia. Juu wanabandua tepe, wanafunga viatu upya, na kuteremka kwa dakika chache mlima walioupanda nusu siku. Wanaojua husema uhondo ni kule kupanda. Mimi nadhani wanajifariji, lakini nawaelewa.

Na kabla ya yote hayo kuna kazi ya kichwa. Davos ina taasisi ya utafiti wa theluji ambayo majira yote ya baridi hutoa taarifa ya hatari ya maporomoko, kwa ngazi tano: 1 ni hatari ndogo, 5 ni kubwa kupita kiasi. Ngazi inayoua zaidi si ya 5. Siku ya 5 hakuna anayetoka. Inayoua zaidi ni ya 3, siku ambayo mbingu ni ya buluu, theluji ni mpya, na kila mtu anaona mambo shwari. Mwanafunzi anafundishwa kusoma taarifa hiyo, kisha aifunue ramani na kutafuta wapi mteremko unazidi nyuzi 30, maana mengi ya maporomoko huanzia kwenye miteremko ya aina hiyo. Anauliza upepo ulivuma kutoka wapi jana, kwa sababu upepo huikwangua theluji upande mmoja na kuirundika upande wa pili. Kila mmoja ana kifaa kidogo cha redio kifuani kinachotoa mawimbi, koleo, na fimbo ndefu ya kuchomekea thelujini. Mwenzako akifukiwa, wewe ndiye utakayemtafuta. Aliyefukiwa ana nafasi nzuri ya kuishi katika takriban robo saa ya kwanza; baada ya hapo nafasi inaporomoka. Helikopta haiwezi kuwahi. Anayeweza ni mtoto aliye mita 20 kutoka kwake, kama amefundishwa.

Hebu fikiria uzito wa somo hilo. Fizikia ya mteremko, jiografia ya upepo, hesabu ya pembe, na mwishoni mwa zoezi kuna uhai wa rafiki yako. Sisi tunawakaririsha watoto aina za mawingu kwa ajili ya mtihani, kisha wanatoka nje kwenye mvua bila kuangalia juu.

Mizizi ya mambo haya ni ya watu wawili zaidi kuliko wengine. Wa kwanza ni John Corlette, Mwingereza aliyeanzisha Aiglon College mwaka 1949 katika kijiji cha Chesières, juu ya bonde la mto Rhône. Aiglon nayo ni shule ya matajiri, sitaficha. Ila Corlette aliiweka safari ya mlimani ndani ya ratiba pamoja na masomo, na akaweka pia kimya cha asubuhi, ambapo shule nzima hukaa na kutafakari kabla ya siku kuanza. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu Gordonstoun, Scotland, chini ya mtu wa pili, Kurt Hahn.

Hahn alizaliwa Berlin mwaka 1886 katika familia ya Kiyahudi. Kuanzia mwaka 1920 aliiongoza shule ya Salem, kusini mwa Ujerumani. Mwaka 1932 wafuasi wa Hitler walimuua mfanyakazi mmoja kikatili katika kijiji cha Potempa, na Hitler akawaunga mkono wauaji hadharani. Hahn akawaandikia wahitimu wa Salem kuwa wachague: Hitler au Salem. Mwaka uliofuata alikamatwa, na Waziri Mkuu wa Uingereza, Ramsay MacDonald, alisaidia kumtoa. Akaenda uhamishoni, na mwaka 1934 akafungua Gordonstoun kwenye pwani ya baridi ya Moray.

Watu wanamkumbuka Hahn kwa maji ya baridi alfajiri na mbio za asubuhi, na Mfalme Charles, aliyepelekwa pale akiwa kijana, hajaficha kwamba hakuipenda shule hiyo. Uchunguzi wa umma wa Scotland kuhusu ukatili dhidi ya watoto umezimulika shule za bweni, Gordonstoun ikiwa miongoni mwao, kwa hiyo asije mtu akatuuzia picha ya peponi. Ugumu peke yake haumlei mtoto. Kuna walimu waliodhani unamlea, na wapo hata sasa, Ulaya na kwetu.

Lakini ndani ya Hahn kulikuwa na jambo ambalo wengi wanalipita. Alitaka mwanafunzi aende mlimani na baharini ili awe na manufaa kwa mtu mwingine. Wanafunzi wa Gordonstoun walilinda pwani zamu kwa zamu, wakaunda kikosi cha zimamoto kilichotumikia vijiji vya jirani, wakashiriki uokoaji milimani. Kijana wa miaka 17 aliamshwa usiku kwa sababu nyumba ya mtu inaungua, naye akaenda, kwa kuwa alijua kutumia mpira wa maji. Vita ilipokuja, mwenye meli Lawrence Holt alishangazwa na taarifa kwamba meli zikizamishwa, mabaharia vijana walikuwa wakifa haraka kuliko wazee kwenye maboti ya kujiokolea. Aliamini kilichokosekana ni ule uzoefu unaomfanya mtu asikate tamaa. Yeye na Hahn wakafungua mwaka 1941 shule fupi ya wiki nne huko Aberdovey, Wales, wakaiita Outward Bound.

Na hapo ndipo habari inapotufikia. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 tawi la Outward Bound lilifunguliwa Loitokitok, Kenya, kwenye miguu ya Kilimanjaro upande wa kaskazini. Kabla ya bendera ya uhuru kupanda Kibo, kilele chake, vijana wa Afrika Mashariki walikuwa tayari wakipandishwa mlima huo kwa falsafa ya Myahudi wa Berlin aliyemkimbia Hitler. Mwaka 1956 Hahn alikuwa pia nyuma ya tuzo ya vijana ya Uingereza iliyopewa jina la Duke wa Edinburgh, na Kenya ikaanzisha ya kwake mwaka 1966, Tuzo ya Rais, yenye shaba, fedha na dhahabu, na safari ya porini ikiwa sharti mojawapo. Moshi kuna shule ya kimataifa iliyoanzishwa mwaka 1969, ambayo tangu 2019 ni sehemu ya vyuo vya UWC, familia iliyoanzia kwa Hahn huko Wales mwaka 1962. Wanafunzi wake hupanda kwa ngazi, safari fupi kwanza, ngumu baadaye, na kilele mwishoni.

Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema jambo hili ni geni kwetu. Lilikuja, likakaa, na bado lipo. Ila limekaa pembeni, kwa wachache. Shule ya kawaida ya bweni ilichukua kutoka Ulaya kengele, sare, viranja, mstari wa asubuhi, prepo ya jioni na tranka lenye kufuli. Ikachukua uzio. Mlima ikauacha nje ya uzio.

Ilboru iko chini ya Mlima Meru. Mzumbe iko chini ya Uluguru. Umbwe ina jina moja na njia iliyo kali kuliko zote za kupandia Kibo. Nenda Lushoto, nenda Tukuyu, nenda Nyeri na Chogoria kwa majirani zetu, utakuta mabweni yanayotazamana na milima ambayo Wazungu wanasafiri kwa ndege muda wa saa kumi kuja kuikanyaga. Nimezungumza na wahitimu wengi wa shule za Kilimanjaro. Waliuona mlima kila siku kwa miaka minne au sita, wengi wao hawakufika hata kwenye msitu wake. Anayepanda ni mpagazi, mara nyingi kijana wa palepale aliyeishia darasa la saba, akibeba mzigo wa mgeni. Mhitimu wa kidato cha sita atasimulia alivyouona mlima kupitia dirishani.

Ukiwauliza wakuu wa shule, jibu ni usalama, na sitalibeza jibu hilo. Novemba 1971 wanafunzi wa shule moja ya Edinburgh walinaswa na tufani kwenye uwanda wa juu wa Cairngorm, Scotland. Walikusudia kulala kwenye kibanda kidogo cha Curran, hawakukifikia. Walikufa wanafunzi watano na msaidizi wa kiongozi wao. Tarehe 1 Februari 2003 maporomoko ya theluji yaliwafukia wanafunzi na viongozi wa shule ya Strathcona-Tweedsmuir karibu na Rogers Pass, Kanada, na wanafunzi saba hawakurudi. Januari 2016, huko Les Deux Alpes, Ufaransa, mwalimu aliwapeleka wanafunzi wake kwenye njia iliyokuwa imefungwa; walikufa wanafunzi wawili na mtalii mmoja kutoka Ukraine. Mwalimu akafikishwa mahakamani.

Mzazi akisoma hayo anataka mlango ufungwe. Angalia lakini wenzetu walifanya nini baada ya misiba. Waingereza walikaza masharti ya mafunzo kwa anayewapeleka watoto mlimani, na vibanda vya juu vilivyowapa watu matumaini ya uongo vikaondolewa. Kanada iliweka mfumo wa kuzipanga njia za theluji kwa kiwango cha hatari, na masharti makali kwa makundi ya watoto. Shule iliyofiwa iliendelea na masomo ya nje, kwa kanuni mpya. Walitofautisha hatari na uzembe. Hatari ya mlima ilibaki palepale. Uzembe wa watu wazima ndio ulioshughulikiwa.

Na je, mlango uliofungwa umetulinda? Mwaka 1994 wasichana zaidi ya 40 waliteketea bwenini Shauritanga, Rombo, kwenye mteremko wa Kilimanjaro. Mwaka 2001 wavulana 67 waliteketea Kyanguli, Machakos, katika bweni ambalo mlango wake mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yake yana nondo. Wanafunzi waliotiwa ndani kwa ajili ya usalama wao. Naandika haya nikijua kuna wazazi waliofiwa ambao wanaweza kuyasoma. Ninachosema ni kwamba hatujawahi kuwa na uchaguzi kati ya hatari na usalama. Tulikuwa na uchaguzi kati ya hatari inayofundishwa na hatari inayofichwa, na mara nyingi tumeichagua ya pili. Waulize wanafunzi wa bweni lolote lililo karibu nawe ni wangapi wamewahi kufanya zoezi la kutoka gizani, au kushika kizima moto kwa mikono yao. Hahn angeanzia hapo, kabla hata ya kutaja mlima.

Hoja nyingine ni divisheni. Mzazi amelipa ada ili mwanawe apate daraja la kwanza, si azurure porini. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Jumamosi ya bweni zetu tunaijua: usafi, kufua, halafu mchana mrefu usio na kazi ambao watoto huujaza kwa mambo wanayoyajua wao. Nusu ya Jumamosi moja kwa mwezi haitamshusha mtu daraja. Na Waswisi, ambao hutoa wiki nzima kwa ajili ya theluji, hawajashindwa kutengeneza dawa, saa na mashine.

Hoja ya fedha ndiyo yenye nguvu, na ndiyo maana nilisisitiza kambi za umma badala ya Le Rosey. Kilichojengwa Uswisi tangu mwaka 1972 ni mtandao wa viongozi vijana waliofunzwa, kwa ruzuku ndogo kwa kila mtoto. Sisi tunao viongozi tayari. Waongozaji wa Kilimanjaro na Meru wenye leseni ni wengi, na msimu wa mvua, kuanzia Machi hadi Mei, wengi hukaa nyumbani bila wageni. Mtu anayeweza kumtambua mgeni anayeanza kuugua ugonjwa wa kimo kabla mgeni mwenyewe hajajitambua anaweza kuwafunza walimu wa michezo wa mkoa mzima kwa wiki mbili. Hahitaji theluji wala mbao za skii. Anahitaji dira, ramani, filimbi, sanduku la huduma ya kwanza na posho.

Tena sitaki watoto wapelekwe kileleni. Mita 5,895 si za safari ya shule, na haraka ya kufika juu ndiyo inayoleta vifo. Msitu wa Marangu hadi kibanda cha Mandara, takriban mita 2,700, unatosha kwa kidato cha pili: kutwa moja ya kupanda, usiku mmoja wa baridi ya kweli, chakula walichopika wenyewe, na asubuhi kuteremka. Wa Morogoro wana Uluguru, wa Tanga wana Usambara, wa Mbeya wana Rungwe. Wa pwani wana bahari, na ni aibu kwamba mtoto anaweza kumaliza kidato cha nne Bagamoyo au Lindi bila kufundishwa shuleni kuogelea.

Tena kuna sababu ya kutochelewa kuanza. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Walter Furtwängler na Siegfried König, walipanda Kibo wakiwa na mbao za skii na kuteleza kwenye barafu yake. Naam, Kilimanjaro imeteleziwa kabla ya Le Rosey kuhamia Gstaad. Tangu mwaka huohuo wa 1912 hadi mwaka 2007 mlima ulipoteza karibu asilimia 85 ya eneo la barafu yake, na ile inayobeba jina la Furtwängler imebaki kipande. Uswisi nako barafu za milimani zilipoteza takriban asilimia 10 ya ujazo wake katika miaka miwili tu, 2022 na 2023. Watoto wa Gstaad wanaiona theluji ikipungua kwa sababu wako juu yake kila majira ya baridi. Wa kwetu watasoma habari ya barafu ya Kibo kwenye kitabu cha jiografia baada ya kwisha, na walikuwa wanalala chini yake.

Naiomba Wizara ya Elimu ianzishe safari hizi katika mikoa miwili, Kilimanjaro na Morogoro. Kila shule ya bweni ya serikali itoe walimu wawili wafunzwe na waongozaji wenye leseni msimu wa mvua. Hifadhi ziwafutie ada wanafunzi wanaokuja na walimu waliofunzwa. Mzazi achangie chakula tu, kama mahakama ya Uswisi ilivyoamua. Na mkuu wa shule anayesoma haya asingoje waraka: kabla muhula haujakwisha, wazoeshe wanafunzi wako kutoka bwenini usiku, taa zikiwa zimezimwa, milango yote ikiwa wazi. Hilo halina gharama.